Kazi haziishi na hitilafu haziishi: mwongozo wa kutafuta tatizo lilipo

Kwenye timu inayotengeneza programu za kompyuta, swali huletwa mezani likiwa limeshajifunga lenyewe: tuharakishe au tufanye vizuri? Mwenye bidhaa, yaani anayeamua kijengwe nini, anataka kipengele kipya wiki hii. Msanidi, anayeiandika programu, anasema bila wiki mbili kitatoka kibovu. Meneja, kwa kutaka amani, anapasua katikati: wiki moja na nusu. Muda unapita, kipengele kinatoka kimechelewa, na ubovu uko palepale. Ukichunguza, mara nyingi unakuta muda haukuliwa na umakini wala haukuokolewa na haraka. Uliishia kwenye kusubiri na kwenye kurudia kazi, mambo mawili ambayo kikaoni hayakutajwa na yeyote.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na ya kwenu, nyingine ruka. Hatua ya kwanza tu ndiyo isirukwe.

Kwanza kabisa: fuata kazi moja toka ilipoombwa hadi ilipomfikia mtumiaji

Chukua kazi kama kumi zilizokamilika karibuni. Kwa kila moja andika tarehe tano: ilipoombwa, ilipoanza kuandikwa, msimbo ulipopelekwa kukaguliwa, ulipounganishwa na tawi kuu (nakala ya msimbo ambayo timu nzima huitegemea), na toleo lilipotoka. Tarehe hizo zimo tayari kwenye Git, zana inayotunza historia ya msimbo, na kwenye ubao wa kazi, kwa hiyo usimhoji mtu. Ukimhoji atakusimulia siku iliyomtesa, na siku iliyomtesa si lazima iwe ndiyo iliyochelewesha kazi.

Huu hapa mfano wa kazi ndogo, kitufe cha kupakua risiti. Jumatatu asubuhi imeanza. Jumanne mchana msimbo uko tayari, ukaguzi umeombwa. Ijumaa mkaguzi ameacha maoni matatu, na nusu saa baadaye yote yamefanyiwa kazi. Jumatano ya wiki ya pili imekubaliwa. Alhamisi, wakati wa kuunganisha, majaribio ya kiotomatiki yameanguka kwa jambo lisilohusiana na kitufe, yakarudiwa mara tatu mpaka yakapita. Kisha imekaa hadi Jumanne ya wiki ya tatu, kwa sababu matoleo hutoka Jumanne.

Zimepita siku 15. Kazi yenyewe ilikuwa siku moja na nusu na ushei. Ukimwambia msanidi huyu aruke majaribio ili awahi, utaokoa saa mbili ndani ya siku 15. Ukimpa wiki ya ziada ili awe makini, wiki hiyo nayo itaenda kukaa kwenye foleni pamoja na zilizotangulia.

Jedwali lenu likifanana na hili, anza na dalili tatu zinazofuata. Kama muda mwingi umeishia kwenye kuandika msimbo wenyewe, nenda kwenye dalili ya kazi ya siku moja kugeuka ya wiki. Na kama kila hatua ni fupi ila kazi ileile inafunguliwa upya kila mara, shida yenu iko kwenye matoleo.

Dalili: kila mtu yuko bize, hakuna kinachotoka

Hesabu kazi zote zilizowekewa alama ya "inaendelea", kisha gawanya kwa idadi ya watu. Ukipata zaidi ya mbili kwa kila mtu, umeshapata mtuhumiwa wa kwanza.

Sababu yake ni hesabu tu. Mwaka 1961 mtafiti John Little alithibitisha kanuni inayobeba jina lake: wastani wa vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia kwake mara muda ambao kila kimoja hukaa humo. Timu inayomaliza kazi 5 kwa wiki ikiwa na kazi 30 zilizofunguliwa, kila kazi itakaa wastani wa wiki 6. Zikibaki 10, itakaa wiki 2. Hakuna aliyechapa haraka zaidi, hakuna aliyeruka jaribio.

Mtuhumiwa wa pili ni mtu mmoja ambaye kila kitu lazima kipite kwake: anayeshughulikia hifadhidata, au fundi mkuu ambaye bila saini yake hakuna kinachounganishwa. Ratiba yake imejaa na wakubwa wanafurahi kwamba anatumika vizuri. Katika hesabu za foleni yenye mhudumu mmoja na kazi zinazoingia bila mpangilio, mhudumu akiwa na shughuli asilimia 80 ya muda, kila kazi husubiri wastani wa mara 4 ya muda wa kuhudumiwa. Akifika asilimia 90, husubiri mara 9. Akifika 95, mara 19. Asilimia zile 15 za mwisho mlizombana ndizo zinazoiburuza timu nzima.

Dawa ya zote mbili inaudhi mwanzoni. Wekeni ukomo wa kazi zilizofunguliwa, na anayemaliza ya kwake asichukue mpya mpaka asaidie iliyokwama: aikague, aipime, aandike maelezo yake. Wiki za mwanzo utaona watu wamekaa bila kazi "yao", na mtu atauliza kwa nini tunawalipa. Vumilia, halafu mwonyeshe zile tarehe tano.

Dawa isiyofaa ni kuongeza watu katikati ya kazi iliyochelewa. Fred Brooks, mhandisi wa programu, aliliandika hilo mwaka 1975 na bado kila kizazi cha mameneja kinajaribu kumkosoa kwa vitendo. Mgeni lazima afundishwe, na wa kumfundisha ni walewale waliolemewa. Tena watu 5 wana jozi 10 za kuelewana. Watu 10 wana jozi 45.

Dalili: ukaguzi wa msimbo unachukua siku kadhaa na makosa bado yanapita

Angalia ukubwa wa mabadiliko. Mkaguzi akiletewa mistari 40 atahoji kila jina la kigezo. Akiletewa mistari 1,500 ataiahirisha mpaka kesho, keshokutwa ataipitisha macho na kuandika "safi kabisa". Ukaguzi wa namna hiyo ni mchelewo mtupu. Umewagharimu siku tatu na haujakamata kitu.

Mara nyingi ukubwa huo hautokani na kazi kuwa kubwa. Msanidi amebadilisha majina ya faili, amepanga upya msimbo wa zamani, na humohumo ameweka badiliko la kweli la mistari 30. Yatenganishwe: kwanza mpangilio mpya usiobadilisha tabia yoyote ya programu, uunganishwe, kisha lile badiliko lenyewe. Mkaguzi wa la kwanza anajua anatafuta kitu kimoja tu, kama kuna tabia iliyobadilika kwa bahati mbaya. Wa la pili ana mistari 30 ya kufikiria kwelikweli.

Mabishano ya nafasi, mabano na mpangilio wa mistari yakabidhiwe zana ya kupanga msimbo kiotomatiki, iamue, na mjadala uishe. Binadamu abaki na maswali ambayo mashine haiulizi: mtumiaji akibofya mara mbili itakuwaje? Mtandao ukikatika baada ya fedha kukatwa na kabla ya risiti kuandikwa, nani atajua?

Na wekeni desturi ya kukagua kazi za wenzenu kabla ya kufungua ya kwako asubuhi. Ni jambo dogo, lakini linaondoa siku nzima kwenye kila kazi, na sijaona zana iliyoweza kufanya hivyo kwa bei hiyo.

Dalili: majaribio yapo, ila hakuna anayeyaamini

Utaijua kwa kauli moja: "Iendeshe tena, itapita." Timu ikishazoea kauli hiyo, taa nyekundu imeshapoteza maana, na siku itakapoonya kitu cha kweli nayo itaendeshwa tena mpaka ipite.

Kiasi cha uyumbaji kinachotosha kuharibu kila kitu ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tuseme mna majaribio 1,000, na kila moja huanguka bila sababu mara 1 tu kati ya 1,000. Uwezekano wa yote kupita kwa mpigo mmoja ni kama asilimia 37. Yaani karibu mara mbili kati ya tatu mtapata taa nyekundu bila kosa la mtu.

Jaribio linaloyumba mara nyingi lina umbo hili: tuma ombi la kubadili nywila, subiri sekunde 2, angalia kama barua pepe imefika. Kwenye kompyuta ya msanidi sekunde 2 zinatosha na kubaki. Kwenye seva inayoendesha majaribio ya watu wengine sita kwa wakati mmoja, barua inafika sekunde ya 3. Anayekuja kurekebisha anaweka sekunde 5, na sasa mna jaribio lililo polepole na bado linayumba. Suluhisho ni kusubiri tukio lenyewe: angalia kila baada ya muda mfupi kama barua ipo, endelea mara ikipatikana, anguka tu baada ya ukomo mrefu. Litapita kwa haraka linapoweza, na litavumilia linapolazimika.

Wahalifu wengine wanajulikana: jaribio linalotegemea saa ya kompyuta na kuanguka usiku wa manane au siku ya mwisho wa mwezi, mawili yanayogombea rekodi moja ya hifadhidata, yakipangwa tofauti moja linaanguka, jaribio linaloita huduma ya nje kwenye intaneti. Lililoyumba litolewe kwenye msafara siku hiyohiyo, liandikiwe mtu wa kulirekebisha na tarehe, na tarehe ikipita lifutwe. Kufuta jaribio kunatisha, najua. Lakini jaribio ambalo jibu lake hamlisikilizi mlishalifuta zamani. Mnaloendelea kulipa ni muda wake tu.

Ogopa pia lengo la "asilimia 90 ya msimbo iguswe na majaribio" likiwekwa kama sharti. Watu watalifikia. Wataandika majaribio yanayoita kila kipande cha msimbo bila kuhakiki jibu lolote.

Dalili: kila toleo linavunja kitu

Hapa ndipo timu nyingi huongeza vikao vya idhini, orodha ndefu za kutia tiki, na marufuku ya kutoa toleo siku ya Ijumaa. Matokeo yake matoleo yanakuwa machache, kila moja linabeba mambo mengi zaidi, na likivunjika hamjui ni lipi kati ya mabadiliko 60 lililovunja. Mnaogopa zaidi, mnatoa mara chache zaidi. Mzunguko huo unavunjwa kwa kwenda upande ambao mwili unakataa: toeni mara nyingi zaidi, vipande vidogo zaidi.

Kabla ya hapo kagua jinsi toleo linavyofika kwenye seva. Mwishoni mwa Julai 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa, ilipeleka msimbo mpya kwenye seva 8. Kazi ilifanywa kwa mkono, na seva moja ikasahaulika. Kwenye seva hiyo ulibaki msimbo wa kale ambao kampuni iliacha kuutumia tangu 2003 lakini haikuufuta. Msimbo mpya ulikuwa unawashwa kwa swichi ileile iliyokuwa ikiwasha ule wa kale. Soko lilipofunguliwa tarehe 1 Agosti, seva 7 zilifanya kazi mpya na ya 8 ikafufua ya zamani, ikawa inamwaga maagizo sokoni bila kikomo. Mafundi walipohangaika, waliuondoa msimbo mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa sawa, nazo zikaanza kufanya kama ya 8. Ndani ya dakika 45 hasara ilizidi dola milioni 440.

Kinachonikera katika mkasa huo si seva iliyosahaulika. Kabla soko halijafunguliwa, mifumo ya kampuni ilituma barua pepe 97 za ndani zilizotaja tatizo, na hakuna aliyezichukulia hatua. Zilikuwa ni barua za kawaida za mfumo, na hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba hizo ni za kuamshwa usingizini.

Kwa hiyo jiulizeni mambo manne. Je, toleo linapelekwa na mashine au na mtu anayefuata maelezo? Je, kuna msimbo uliokufa ambao bado unaweza kuwashwa? Je, onyo la hatari linafika kwa mtu au linafika kwenye sanduku? Na mnajua kurudi toleo la nyuma, kwa maana ya kuwa mmewahi kufanya siku isiyo na dharura? Timu nyingi zitakwambia zinaweza kurudi nyuma, ila hazijawahi kujaribu.

Kisha toeni kwa ngazi: asilimia 1 ya watumiaji, mtazame, asilimia 10, mtazame, halafu wote. Na sheria hiyo iguse kila badiliko, hata lile mnaloliita "mpangilio tu". Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ilituma faili la maudhui ya ulinzi kwa kompyuta za Windows za wateja wake, zote kwa pamoja. Halikuwa toleo jipya la programu, kwa hiyo halikupita ngazi ambazo toleo jipya hupita. Programu ilitarajia taarifa 20, faili likaitaka isome ya 21. Faili liliondolewa ndani ya dakika 78, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeshaanguka, na nyingi zilihitaji mtu azifikie kwa mikono moja baada ya nyingine.

Hifadhidata inastahili tahadhari yake, maana msimbo unarudi nyuma kirahisi na data hairudi. Mkitaka kubadili safu ya "jina" iwe "jina la kwanza" na "jina la ukoo", msifanye kwa toleo moja. Ongezeni safu mpya huku ya zamani ipo. Andikeni kwenye zote. Nakilini za zamani taratibu. Hamisheni usomaji uende kwenye mpya. Mkisharidhika, siku au wiki baadaye, ndipo ya zamani ifutwe. Ni matoleo matano badala ya moja, na kila moja kati ya manne ya mwanzo lina njia ya kurudi. Ambaye toleo lake linachukua saa nne za watu wawili hawezi kufanya hivi. Ambaye lake linachukua dakika kumi hata halimsumbui. Wepesi wa kutoa ndio uliomnunulia usalama.

Dalili: hitilafu ileile inarudi

Mara nyingi ni moja kati ya haya: ilirekebishwa kwenye tawi ambalo halikuunganishwa na tawi kuu; msimbo wenye kosa umenakiliwa sehemu tatu na ikatibiwa moja; au ilirekebishwa bila jaribio la kuilinda. Kwanza andikeni jaribio linaloanguka kwa hitilafu hiyo, kisha rekebisheni mpaka lipite. Kama hamjui ilipoingilia, `git bisect` inagawa historia nusu kwa nusu: kati ya mabadiliko 1,000 mtalipata lenye kosa kwa hatua kama 10. Ila kila hatua iwe inawaka na kufanya kazi, jambo linalowezekana tu kama mabadiliko yenu ni madogo na hayaachi tawi kuu limevunjika.

Dalili: kilichochukua siku moja sasa kinachukua wiki

Hili ndilo deni la kiufundi, msemo alioutumia Ward Cunningham mwaka 1992. Watu huutumia kumaanisha kazi ya kulipua. Yeye alikuwa anazungumzia kitu cha heshima zaidi: unatoa programu kwa uelewa ulio nao leo, unajifunza kutokana nayo, kisha unarudi kuuandika upya msimbo ufanane na ulichojifunza. Asiyerudi ndiye anayelipa riba.

Dalili hii ina dawa mbili mbaya. Moja ni kuomba "miezi mitatu ya kusafisha" bila kusema kitasafishwa nini. Hupewi, na ukipewa unatumia mwezi wa kwanza kusafisha kilichokuwa karibu. Ya pili ni kuandika yote upya toka mwanzo. Netscape, watengenezaji wa kivinjari cha intaneti, walichagua njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990: toleo la 5 halikutoka kabisa, la 6 lilitoka Novemba 2000, na wakati huo Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, ilikuwa imeshachukua soko. Msimbo wa zamani unaoonekana kama takataka mara nyingi ni rundo la hitilafu zilizokwisha kutibiwa. Ukiutupa unazirudisha zote ukiwa hujui.

Badala yake, uliza msimbo wenyewe ni wapi unauma. Amri hii inaorodhesha faili 20 zilizoguswa mara nyingi zaidi mwaka uliopita:

`git log --since="1 year ago" --name-only --pretty=format: | grep . | sort | uniq -c | sort -rn | head -20`

Linganisha orodha hiyo na faili zinazotajwa kwenye hitilafu zenu. Zinazoonekana pande zote mbili kwa kawaida ni chache, tano au sita. Hizo ndizo zisafishwe, kidogokidogo, kila mara kazi ya kawaida inapopita hapo. Faili baya ambalo halijaguswa kwa miaka mitatu na linafanya kazi yake liacheni lilale. Linachukiza, sawa, lakini halimcheleweshi mtu.

Dalili: kitufe cha rangi na malipo vinapita mlango mmoja

Timu nyingine ina utaratibu mmoja kwa kila kitu. Kusahihisha herufi kwenye ukurasa wa msaada kunahitaji wakaguzi wawili na siku nne. Kubadili hesabu ya makato nako wakaguzi wawili na siku nne. La kwanza limecheleweshwa bure, la pili limeharakishwa kwa hatari.

Gawanyeni kazi kwa maswali mawili: ikikosewa nani anaumia, na inaweza kutenduliwa? Fedha, ufutaji wa data, kuingia kwa nywila, ruhusa za watumiaji, barua pepe zinazotumwa kwa maelfu, hayo yaende taratibu, maana barua iliyotumwa haivutwi tena. Ripoti ya ndani inayosomwa na watu watatu itoke leo na irekebishwe kesho.

Uainishaji huu urudiwe kila msimbo unapohamishiwa mahali papya. Roketi ya Ariane 5 ilipotea tarehe 4 Juni 1996 baada ya sekunde kama 37 za safari yake ya kwanza. Sehemu ya programu yake ya uelekezaji ilitoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila doa. Humo mlikuwa na namba ya biti 64 inayogeuzwa kuwa ya biti 16. Kwa mwendo wa Ariane 4 ilitosha. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa kwenda upande, namba ikafurika. Hesabu iliyoleta balaa wala haikuhitajika tena roketi ikisharuka. Ilikuwa msimbo mzuri, uliopimwa, mahali pasipo pake.

Jaribio la haraka la kuonyesha wazo nalo liwe na tarehe ya kufutwa iliyoandikwa ndani yake. Lisipokuwa nayo, mwakani litakuwa linawaamsha usiku kama mfumo rasmi.

Dalili: mvutano uleule kila wiki kati ya timu na mwenye bidhaa

Mvutano unaendelea kwa sababu kila upande unatumia hisia: mmoja anasema mko polepole, mwingine anasema mfumo unayumba. Wekeni namba moja mnayokubaliana kabla ya ugomvi. Mafundi wa Google walieneza utaratibu wa bajeti ya makosa: mkikubaliana huduma ipatikane asilimia 99.9 ya muda, basi katika siku 30 mna ruhusa ya kuwa chini dakika 43. Bajeti ikiwa bado ipo, vipengele vipya vitoke na hakuna wa kuzuia. Ikiisha, kazi mpya zinasimama na timu inatibu mpaka ipone. Anayetaka asilimia 99.99 aambiwe mapema kwamba amebakiwa na dakika 4 na sekunde kama 20 kwa mwezi, na kwamba atalipia.

Zaidi ya hiyo, vipimo vinne vya DORA, utafiti kuhusu utendaji wa timu za programu, vinatosha: mnatoa mara ngapi, badiliko linachukua muda gani kufika kwa mtumiaji, matoleo mangapi yanavunja kitu, na mkivunja mnachukua muda gani kurudi sawa. Viangaliwe vyote pamoja. Ukimpima mtu kwa kimoja atakipandisha kwa gharama ya vingine, na ukivifanya kigezo cha kumpandisha cheo utaletewa takwimu nzuri na mfumo mbovu.

Na tarehe isiyosogezeka ikija, maana nyingine kweli hazisogezeki, kinachopunguzwa ni upana wa kazi. Majaribio yaachwe yalipo. Kama ombi ni "wateja waweze kuhamisha taarifa zao nje ya mfumo", toleo la tarehe hiyo litoe faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) la mwaka huu pekee, kwa kila mteja mmojammoja. Excel, miaka ya nyuma, na ratiba ya kutuma yenyewe kila mwezi viandikwe kwenye orodha kama vitu vitatu vilivyokatwa, kila kimoja kwa jina lake, na mwenye bidhaa ndiye achague kipi kinafuata.